Nimepigwa na muuzaji wa lenzi ya Nikon S3 ya mwaka 2000, na hela hataki kurudisha

Wakuu, hapa nilipo natetemeka kwa hasira. Nimenunua mtandaoni Nikkor-S 50mm f/1.4, ile iliyotoka na kamera ya Nikon S3 toleo la mwaka 2000, ambalo Nikon walifufua nalo S3 ya mwaka 1958. Muuzaji simtaji jina, ila ana nyota kibao na sifa za wateja kila kona. Tangazo lake lilisema lenzi "inafaa renjifainda zote, hadi Leica M" (renjifainda ni kamera unayofokasi kwa kidirisha cha kupimia umbali, si kupitia lenzi; Leica M ni mojawapo). Uongo mtupu!

Kwa msiozijua: lenzi za 50mm za Nikon za aina hii hazina hesi ya kufokasi, yaani zile nyuzi za skrubu zinazosogeza lenzi mbele na nyuma. Hesi iko kwenye kamera yenyewe, unaizungusha kwa kile kigurudumu chenye meno karibu na kitufe cha kupigia picha. Lenzi ni vioo na pete ya apacha (tundu la kupitishia mwanga), basi. Kwenye Leica yangu haishiki hata kidogo. Na adapta nayo si ya kuokota tu, lazima iwe na hesi yake na iweze kusukuma ule mkono mdogo ndani ya Leica unaoendesha renjifainda. Bei yake ukiisikia utakaa chini.

Nikamwandikia. Jibu lake: "Bidhaa za toleo maalumu hazirudishwi." Jamani, toleo maalumu ndiyo leseni ya kudanganya watu?

Na huo umaalumu wenyewe tuuseme. Nikon walitoa seti 8000 za rangi ya fedha, kamera na lenzi pamoja. Kwa hiyo kuna mtu kaivunja seti, halafu huyu ndugu ananiuzia kipande kwa bei ya kumbukumbu. Boksi hakuna. Kifuniko cha mbele alichokiweka kina jina la kampuni nyingine kabisa, hata kukaa hakikai, ukiinamisha lenzi kinadondoka.

Lenzi haina kosa (vioo safi, mipako ya kisasa juu ya muundo wa miaka ya 1960) na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana naitazama tu mezani.

Nimeshafungua malalamiko benki. Tangazo kalifuta baada ya kuona nimekuja juu, ila picha zake ninazo zote. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa mzigo wa "haurudishwi"? Benki walikuomba ushahidi gani? Na wale wa "ungeuliza kwanza" naomba mpite kimya, tangazo lilikuwa limeshajibu.