Naombeni ushauri, grupu letu limechafuka kisa hukumu ya kunyongwa
Wakuu habari, mi ndo admini wa grupu la kupanda milima hapa Dar, jumamosi nyingi tunakuwa Pugu Kazimzumbwi, mara mojamoja Uluguru. Mwenzetu aliuawa mwaka juzi na sasa muuaji kahukumiwa kunyongwa, basi wengine wanashangilia wanataka hadi tuchange tule mbuzi, wengine wanasema damu hailipwi kwa damu, halafu kuna mjuaji mmoja (hakosekani) anasema mnapigia kelele nini wakati Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Mama wa marehemu yumo humohumo, tiki za bluu naziona ila hajibu kitu. Fimbo ya mwanae bado iko kwangu, ina tope la Morogoro. Nifunge grupu kwanza au nimpigie mama, na nikimpigia naanzaje jamani?