Goti linauma na mlima wa Sipi umenishinda: ni gia au ni mimi?

Boda_Mstaafu (Malaba)

Habari zenu wakubwa. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi nimenyonga baiskeli ya abiria hapa mpakani mwa Kenya na Uganda miaka kumi na moja, mpaka pikipiki zikatumaliza. Wa zamani mnajua ilivyokuwa: huyu ana mkoba anataka kuvuka, yule ana gunia la mahindi, wewe unakaza tu. Roadmaster yangu bado ninayo. Juzi nilihesabu meno yake, mbele 44, nyuma 18, gia moja basi, na hiyo moja imesomesha watoto wanne. Kwa hiyo tafadhali mtu asiniambie sina miguu.

Mwezi wa tatu nikanunua baiskeli ya mbio, mtumba, kwa jamaa wa Tororo. Fremu ya alumini, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, sproketi mbili mbele na nane nyuma. Meno niliyatia alama ya chaki nisichanganyikiwe: mbele 53 na 39, nyuma zinaanzia 12 mpaka 25. Malaba hadi Tororo raha tupu. Tororo hadi Mbale pia naiweza. Sasa Jumapili moja nikajitia kufuatana na vijana wa Mbale kwenda Sipi, juu kwenye Mlima Elgon. Tulipoiacha Muyembe barabara ikainuka, na wale vijana, miguu myembamba kama ya korongo, wakanipita huku wanapiga soga. Mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake ugomvi wake na shemeji. Mimi nimesimama juu ya pedali, mishipa ya shingo imetoka, na gia nyepesi kuliko zote nimeshaiweka zamani. Nilishuka nikasukuma mara tatu. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akanipa pole bila kuombwa.

Tangu siku hiyo goti la kulia linauma kwa mbele, chini ya pia ya goti. Nikipanda ngazi ndiyo balaa.

Muuza vipuri mmoja akaniuzia sproketi ya mbele ya meno 34, akaapa ndiyo dawa. Nimefika nyumbani, matundu hayakutani kabisa, yanapishana karibu sentimita nzima. Pesa amekataa kurudisha. Je, ninunue kranki nyingine (ile mikono inayobeba pedali na sproketi za mbele), au niuze baiskeli, au kuna namna ya kunyonga ambayo mimi siijui? Na hilo goti?

Simba_Koboko

Kaka, 39 kwa 25 si gia nzito. Watu wa zamani walipanda milima na 42 mbele na hawakulalamika mtandaoni. Kula ugali, kaza, mwezi mmoja goti litazoea.

Fundi_Nkoma (Mbale)

Simba, goti halizoei. Goti linasagika. Na hao wa zamani unaowasema, mmoja wao ni mimi, na leo nikiinama kufunga kiatu nyumba nzima inasikia.

Boda, mdogo wangu, mimi ni fundi wa baiskeli hapa Mbale. Kiswahili nilikipatia jeshini, baiskeli niliipatia kwa kuanguka. Shida yako niliijua kabla sijafika kwa huyo mama wa ndizi. Wewe bado una abiria.

Nisikilize. Roadmaster yako, 44 kwa 18, kila ukizungusha kranki mara moja inakwenda mita tano na nusu hivi. Mlimani, ukitembea kilomita 10 kwa saa, mguu unazunguka kama mara 31 tu kwa dakika. Ndiyo maana sote tulikuwa tunashuka tunasukuma. Kwa miaka hiyo yote mwili wako umejifunza kwamba kunyonga ni kukandamiza: kandamiza, ngoja, kandamiza. Sasa umepewa baiskeli ya gia kumi na sita ukaikandamiza vilevile. Hiyo 39 kwa 25 inakwenda mita 3.3 kwa mzunguko, kwa hiyo kwa mwendo uleule ni mizunguko 50 na kitu. Hao korongo wako, ambao baadhi yao baiskeli zao zimepita mikononi mwangu, wengi wana 34 mbele na 32 nyuma. Hiyo ni mita 2.2. Kwa kilomita zilezile 10 kwa saa wanazungusha mara 75. Mlima ni ule ule, kazi ni ile ile. Ila gunia wao wanalihamisha kwa debe, debe moja moja, wewe umelitwika zima. Ndiyo maana wanapata pumzi ya kumsema shemeji.

Sasa vyuma. Ile 34 isingeingia hata ungeisomea dua. Chukua rula, pima kwenye kranki yako kutoka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya tundu jirani. Ukipata milimita 76, duara la matundu lina kipenyo cha milimita 130, na kranki ya 130 haishuki chini ya meno 38. Sproketi ya 34 ni ya duara la 110, ambayo matundu yake yanaachana milimita 65 hivi. Atakuja fundi wa nyundo akwambie atatoboa matundu mapya. Mkimbie.

Mimi ningeiacha mbele kama ilivyo, nishughulike na nyuma, maana ni rahisi na vipuri vinapatikana kwenye baiskeli za milimani za mitumba zilizojaa kila mahali. Tafuta kaseti, yaani lile rundo la sproketi za nyuma, ya gia nane, 11 hadi 32. Lakini kwanza hakikisha yako ni kaseti kweli na si friwili ya kuskurubu, ile inayozungushwa nzima kwenye kitovu cha gurudumu. Ile ya kaseti ina pete ya kufungia yenye meno kwa ndani, na hapo gia nane za milimani zinaingia bila ubishi ikiwa vyote ni Shimano. Kisha angalia ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, wenye vigurudumu viwili. Ukiwa mfupi umetengenezewa sproketi za 25, 27, labda 28. Kwa 32 chukua mkono mrefu wa baiskeli ya milimani ya gia 8 au 9. Huo unaelewana na vishikio vya kubadilishia gia vya Shimano vya gia nane. Wa gia 10 za milimani usiuguse, unavuta waya kwa kipimo kingine na gia hazitakaa mahali pake.

Na cheni yako ya sasa itakuwa fupi. Hapa ndipo watu wanapoharibu baiskeli. Zungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono, ikutane, halafu ongeza pingili mbili. Ukiifupisha zaidi, siku utakayokosea ukaweka kubwa kwa kubwa, mkono unang'oka na unaingia kwenye spoku. Nimeona.

Ukimaliza utakuwa na 39 kwa 32. Mita 2.6, mizunguko 65 kwenye ule mwendo wa mlimani. Si nyepesi kama ya wale vijana, lakini goti litakushukuru.

Tuje kwenye kiti, maana naweza kuapa kiko chini. Boda yeyote hukaa chini ili miguu yote miwili ifike ardhini, kwa sababu nyuma kuna mtu na kapu la nyanya. Sasa nyanya hakuna. Egemea ukuta, miguu mitupu, weka kisigino juu ya pedali ikiwa imeshuka mwisho kabisa. Goti linatakiwa linyooke bila nyonga kujivuta upande. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti linabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Usipandishe kwa siku moja. Nusu sentimita, unapanda siku mbili tatu, nusu nyingine. Goti likiuma mbele mara nyingi kiti kiko chini na gia ni nzito, na wewe una vyote viwili. Likianza kuuma nyuma, umepitiliza. Na kama kiuno kinayumba kama cha bibi harusi, pia umepitiliza. Likiendelea kuuma hata siku ambazo hujapanda, au likivimba, nenda hospitali, usingoje fundi.

Halafu nina hakika unakanyaga kwa katikati ya unyayo. Ni mambo ya lugabire hayo, zile sandali za tairi, tairi haina tabu na pedali. Sogeza mguu nyuma mpaka ile nyama nene iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya ekseli ya pedali.

Mazoezi yenyewe yanachosha kuyaeleza kuliko kuyafanya. Barabara ya tambarare, unayo nyingi kuelekea Tororo, gia nyepesi kuliko unavyotamani. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Tafuta 85 hadi 90. Makalio yakianza kurukaruka juu ya kiti, punguza kidogo, tulia, panda tena. Dakika kumi kila safari, basi. Mguu ukifika chini, usiuache ukakandamiza ardhi. Uburute nyuma kama unavyopangusa tope kwenye gunia la mlangoni wakati wa mvua. Na ule unaopanda usiuvute juu kwa nguvu, wanaokwambia uvute wanakuchosha bure. Unyanyue tu uzito wake. Ukiuacha umekaa juu ya pedali, mguu wa kushoto unambeba wa kulia, na hujalipwa nauli.

Gia badilisha kabla ya mlima, mguu ukiwa bado mwepesi. Ukingoja mpaka umekwama ndipo ubofye, cheni italia na pengine itakatika.

Nakawa_Pedali (Kampala)

Mzee Fundi amemaliza yote ila viatu. Boda, bila viatu vya kunasa kwenye pedali huwezi kupata mzunguko wa kweli. Mimi Septemba 2025 nilipanda basi hadi Kigali kutazama ubingwa wa dunia wa baiskeli, nikasimama pale Kimihurura kwenye mawe. Wanaume walikuwa na kilomita 267 na nusu siku hiyo, na Pogačar, yule bingwa, alipita akiwa peke yake, amekaa kitini, miguu inazunguka kama cherehani. Hakuna aliyekuwa na kandambili!

Fundi_Nkoma (Mbale)

Pogačar hana goti bovu, wala hasimami katikati ya malori ya Malaba kila dakika. Viatu vya kunasa ni vizuri, nami ninavyo, lakini mtu ambaye kiti chake hakijakaa sawa ukimfunga mguu kwenye pembe isiyofaa, goti ndilo litakalolipa. Kwa sasa avae raba yenye soli ngumu isiyopinda. Viatu tutaongea Krismasi. Pesa yake ya kwanza aipeleke kwenye bukta yenye sponji.

Simba_Koboko

Sawa wazee, nimenyamaza. Ila nimejipima sekunde 15 leo nikielekea Arua. Nimepata 14. Yaani 56. Sijafurahi.

Boda_Mstaafu (Malaba)

Nimerudi, wiki ya tano sasa.

Rula ilisema 76. Mzee umenipima ukiwa Mbale. Kiti nimekipandisha jumla sentimita nne, kidogo kidogo kama ulivyosema, na siku ya kwanza niliona kama nimekaa juu ya mwembe. Mke wangu alisema nimekuwa mrefu. Kaseti ya 11 hadi 32 na mkono mrefu nimevitoa kwenye baiskeli moja ya milimani iliyokuwa imekufa fremu, nyumbani kwa binamu yangu Busia. Ubishi wa bei ulichukua muda kuliko kufunga.

Kuhesabu ndiko kulikoniaibisha. Siku ya kwanza 54. Mimi! Nilipolazimisha 80 pumzi ilinikata kabla ya miguu, nikahisi kama mtoto anayejifunza. Wiki ya tatu nikafika 84 bila kurukaruka. Nilichogundua, kila nikiona lori mbele yangu nasahau, narudi kukandamiza. Ni kama mwili unasikia mtu nyuma anasema "haraka bwana, nimechelewa". Lile la abiria, mzee, limenikaa kichwani vibaya. Sasa nikichoka namwambia mguu wa kulia kwa sauti, "lipa au shuka." Watu barabarani wananitazama.

Jumapili tumekwenda Sipi. Nimeshuka mara moja, si tatu, na hiyo moja ni kwa sababu ya ng'ombe. Vijana walinipita bado, lakini safari hii nilisikia habari za shemeji mpaka karibu na mwisho. Goti linauma kidogo asubuhi, ngazi napanda.

Ile 34 mke wangu anaitumia kuwekea sufuria ya moto mezani. Inafaa kabisa.

Ila kuna jambo jipya. Nikiwa kwenye gia ndogo ya nyuma, ile ya 11, nikikaza cheni inaruka, inapiga "tak". Cheni ni ile yangu ya zamani, nimeiunga kwa pingili za cheni ya binamu. Nirekebishe waya?

Fundi_Nkoma (Mbale)

Waya uache. Umeunga cheni mbili zilizochakaa kwa viwango tofauti, juu ya kaseti ya mtu mwingine, na hiyo ya 11 ndiyo yenye meno machache ya kuishika. Chukua rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, cheni ikiwa imevutwa. Kwenye alama ya 12 inatakiwa pini nyingine ikae katikati kabisa. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, cheni imekwisha, nunua mpya. Ikizidi kwa tatu, na kaseti pia imekwenda, na binamu yako alijua.

Pima kipande chako na kipande chake, kila kimoja peke yake. Niandikie ulichopata.