Mbunge akifungwa jela, pensheni yake huwaje?

Kijana wa Chake: Asalaam alaykum jamani. Barazani tunabishana: Marekani mbunge akihukumiwa kwa rushwa hunyang'anywa pensheni yote? Na sisi tukitaka sheria hiyo Baraza letu la Wawakilishi Zanzibar, ianzie wapi?

Mkaa Shangani: Waalaykum salaam. Si yote, wala si kwa kila kosa. Sheria yao ya 1954, ilipopunguzwa 1961, ilibaki kuwagusa wahaini, wapelelezi na makosa mengine ya usalama wa taifa. Rushwa kwa wabunge ilikuja kuingizwa 2007, kisha 2012 makosa yakaongezwa. Kosa lazima liwe limetendwa akiwa mbungeni, au tangu 2012 akiwa kwenye wadhifa mwengine wa kuchaguliwa, na lihusu kazi yake. Michango aliyokatwa hurejeshewa. Kinachokwenda ni pensheni yenyewe. Na hairudi nyuma: Randy Cunningham, mbunge wao, alikiri kula rushwa 2005, sheria ya 2007 haikumgusa.

Bi Sheria: Mwanangu, tazama neno moja, "hukumu ya mwisho". Sheria ya 2007 ilivyoandikwa, aliyekata rufaa aliendelea kupokea kila mwezi, na rufaa huchukua miaka. Ukiandika mswada, sema malipo yasimame siku anayotiwa hatiani, fedha ziwekwe kando, akishinda rufaa alipwe malimbikizo. Kiinua mgongo cha mkupuo ni kigumu zaidi: kikishatoka, kukirudisha ni kesi nyengine. Zuio liombwe kabla hakijalipwa.

Kijana wa Chake: Ahsante bibi. Na mke na watoto?

Bi Sheria: Marekani familia yaweza kuachiwa sehemu, ila huangaliwa kama mwenza naye alishiriki. Hilo tulichukue, watoto wasiadhibiwe.