Nani alimuua mzee Beesbury? Na tamthilia ina haki gani ya kutuamulia?

Mwenge Usiku:
Wakuu, hili jambo linanikera tangu juzi. Nimemaliza kitabu cha Fire & Blood mara ya pili, kisha nikarudi kuangalia msimu wa kwanza wa House of the Dragon, tamthilia iliyotokana nacho. Kwa ambao hawajasoma: kitabu hiki cha George R. R. Martin kilitoka 2018 na hakikuandikwa kama riwaya. Kimeandikwa kama historia, na msimulizi wake ni Archmaester Gyldayn, msomi aliyeishi zaidi ya miaka mia moja baada ya vita vya majoka, pale Rhaenyra na mdogo wake Aegon walipogombea kiti cha baba yao. Yeye hakuona kitu. Anaegemea mashahidi watatu: Septon Eustace, mtu wa dini pale ikulu, ambaye moyo wake uko kwa Wakijani, yaani upande wa Aegon; Mushroom, kibete mchekeshaji, mdomo mchafu, mtu wa Rhaenyra, na Maesta Mkuu (msomi na tabibu wa ikulu) Munkun, aliyeandika kutokana na maungamo ya mwenzake Orwyle.

Sasa mfalme Viserys, baba yao, anafariki, mwaka wa 129 kwa kalenda ya humo. Baraza linakutana kwa siri. Mzee Lyman Beesbury, mtunza hazina, anasimama peke yake kupinga Aegon asiketi kwenye kiti cha dada yake. Anauawa vipi? Munkun: alitupwa selo, akafa kwa homa ya baridi akisubiri kesi. Eustace: Criston Cole, mkuu wa walinzi wa mfalme, alimrudisha kitini kwa nguvu akamchinja kwa jambia. Mushroom: Cole alimkamata kola akamtupa dirishani, akaangukia miiba ya chuma kwenye handaki. Tamthilia ikaleta ya nne: Cole anamkandamiza kitini, kichwa kinagonga tufe la jiwe lililo mezani.

Kuna mashabiki wanasema kitabu ni uvumi, tamthilia ndiyo imetuonyesha kilichotokea. Mimi nakataa kabisa. Nyie mnasemaje?

Dereva Mbagala:
Mimi niko na tamthilia. Hao watatu walihadithiwa. Mimi nimeona kwa macho yangu kichwa kikigonga lile tufe na damu ikitiririka mezani. Shahidi wa macho ni kamera, mkuu. Kesi imekwisha.

Kunguru wa Kaskazini:
Kamera si shahidi. Kamera ni msimulizi wa nne, kaja miaka minne baada ya kitabu, na ana bajeti ya kulinda. Halafu wewe Dereva si ndiye uliyesema mwezi jana kwamba umeiangalia ile iliyotafsiriwa na DJ? Mtu aliyepata hadithi kwa DJ anakuja kutufundisha habari za ushahidi?

Dereva Mbagala:
Ndiyo, nimeangalia kwa DJ, na sioni aibu. Mimi naamka saa tisa usiku kwenda kuchukua gari. Narudi saa nne. Wale Waingereza wanaongea kama wana viazi mdomoni, na maneno yao ya kizamani sijayasikia popote. DJ alinielezea huyu ni baba mdogo mtu, huyu ni binti wa kaka yake, wameoana, yule mwenye jicho moja kampanda joka la marehemu. Bila yeye ningezima sehemu ya pili. Wewe uliyesoma Kiingereza shule ya kulipia usinikanyage kwa kitu ambacho sikupewa.

Kunguru wa Kaskazini:
Sijamkanyaga mtu. Na sikusoma shule ya kulipia, nimesoma kata kama wengine. Ninachosema ni kwamba DJ anaongeza. Nimewahi kukaa kibanda umiza nikasikia mfalme akiambiwa atalipa kodi ya nyumba. Hilo halimo kwenye hadithi.

Bint Shela:
Kaka Kunguru, hapo ndipo ulipojikwaa. DJ ndiye Mushroom. Anaongeza chumvi, anatukana, anachekesha, lakini wakati mwingine anasema lile ambalo wenye vilemba wanaona haya kulisema. Gyldayn mwenyewe kila mara analalamika kwamba huyu kibete ni mwongo, na bado hawezi kuandika sura nzima bila yeye.

Sisi huku Lamu tumezaliwa na jambo hili. Habari za Pate, ile historia ya masultani wa Nabhani wa kisiwa cha Pate, nakala yake ya asili inasemekana ilipotea Waingereza walipoupiga mji wa Witu mwaka 1890. Kilichobaki kwa sehemu kubwa kilitoka kinywani mwa mtu mmoja, Bwana Kitini, na aliwasimulia watu mbalimbali, na nakala hazilingani. Majina yanazidi na kupungua, miaka inagongana. Je, tuseme hapakuwa na Pate? Nenda Siyu, nenda Pate yenyewe ukaone kuta.

Kunguru wa Kaskazini:
Dada, Pate ni mahali. Magofu yapo, makaburi yapo, unaweza kupima maneno ya mzee kwa mawe. Westeros, nchi ya hadithi hii, haina mawe. Hakuna kitu nje ya karatasi. Huwezi kulinganisha historia ya watu na majoka.

Bint Shela:
Sikulinganisha Pate na majoka. Nimelinganisha namna ya kusikiliza. Na usiniambie Pate ni mahali kana kwamba mimi nimeisoma kwenye gazeti. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko.

Mtoto wa Eastlands:
Bint Shela amesema ukweli kuhusu chumvi, lakini Mushroom kwangu ni mwongo bila kuongeza neno. Angalia ile ya Sara Snow. Jacaerys, mwana wa Rhaenyra, anapanda joka kwenda Winterfell, ngome ya kaskazini, kutafuta jeshi. Mushroom anadai huko alipendana na binti haramu wa pale, Sara Snow, wakafunga ndoa ya siri. Mushroom hakukanyaga Winterfell! Na Munkun anasema tu kwamba Jace (ndiye Jacaerys) na Cregan Stark, bwana wa Winterfell, waliishia kupendana kama ndugu. Mtu anakuletea harusi ambayo hakualikwa, ndiyo mnaita ushahidi?

Wakili wa Kijiweni:
Naomba turudi kwa mzee Beesbury, kwa sababu hapo ndipo penye utamu na mmepapita mbio.

Jiulizeni swali la kwanza ambalo hakimu yeyote atauliza: nani alikuwa ndani ya chumba? Eustace hakuwa mjumbe wa baraza. Mushroom hakuwa mjumbe. Kwa hiyo jambia na dirisha vyote viwili ni ushahidi wa kuambiwa. Aliyekuwa mezani ni Orwyle, na maneno yake ndiyo yaliyomfikia Munkun. Kwa haraka haraka utasema basi Orwyle ameshinda, mzee alikufa kwa homa selo.

Lakini Orwyle aliandika wapi? Gerezani, akisubiri kuuawa, naye alikuwa mmoja wa kikao kile kile. Sasa mpe kalamu mtu wa namna hiyo. Mzee mwenzake akichinjwa mbele ya macho yake naye akaendelea kukaa kitini, ana la kujibu. Akifa kwa homa selo wiki kadhaa baadaye, hakuna mwenye damu mikononi. Shahidi pekee aliyeona ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kupunguza. Na wawili wasioona, mmoja wa Kijani na mmoja wa Rhaenyra, watu wasiokubaliana hata saa ya mlo, wote wanamtaja Criston Cole kwa mkono wake, siku ile ile. Mimi ningemtia Cole hatiani. Kisu au dirisha sijui, lakini mkono ni wake.

Na ona, tamthilia nayo imemtia Cole hatiani. Kwa hiyo haijapingana na kitabu kama tunavyodhani. Imesoma mashahidi kama ninavyowasoma.

Dereva Mbagala:
Wakili nakuheshimu. Ila Kunguru hajaomba radhi kwa lile la DJ.

Mama Wawili:
Mmekazana na mzee wa hazina, mimi bado sijapona na Helaena, mke wa Aegon. Kwenye kitabu wale wauaji wawili, Blood na Cheese, wanamkuta na watoto watatu: mapacha Jaehaerys na Jaehaera, na mdogo Maelor wa miaka miwili. Wanamlazimisha achague mwana yupi afe. Anawaomba wamuue yeye, wanakataa. Mwishoni anamtaja Maelor, labda kwa kuwa ni mdogo hataelewa. Wao wanamgeukia yule mwingine, wanamkata kichwa Jaehaerys. Na Maelor anabaki hai, na amesikia mama yake ametaka afe yeye.

Nilisoma usiku, wangu wawili wamelala pembeni, mmoja ana miaka mitatu. Niliweka simu chini nikaenda kuwafunika upya wakati hakukuwa na baridi. Halafu 2024 naangalia tamthilia, Maelor hayupo kabisa. Helaena anawaonyesha tu yupi wa kiume. Hakuna uchaguzi. Wamechukua jeraha lenyewe wakaacha bandeji.

Mtoto wa Eastlands:
Mama Wawili pole, lakini kumtafuta mtoto mwingine mdogo wa kuigiza si kazi rahisi. Watoto wanalia, saa za kazi zao zina sheria.

Mama Wawili:
Usinieleze habari za watoto kulia.

Kunguru wa Kaskazini:
Hapo niko na Mama Wawili mia kwa mia. Na Martin mwenyewe alisema. Septemba 2024 aliandika kwenye blogu yake kwamba kumwondoa Maelor kunadhoofisha tukio lile, na kwamba mtoto mmoja akiondoka anavuta mambo mengine nyuma yake. Maandiko yale yakaondolewa muda mfupi tu. Kwa hiyo mwenye hadithi amenena. Kanoni, yaani hadithi inayohesabika kuwa ya kweli, ni kitabu, tufunge.

Dereva Mbagala:
Mwenye hadithi amalize kwanza hadithi. Kitabu cha tano cha mfululizo wake mkubwa, A Song of Ice and Fire, kilitoka 2011. Mwanangu wa kwanza alikuwa hajazaliwa, sasa yuko sekondari. Mtu akiacha shamba miaka yote hiyo halafu jirani akalima, anakuja kulalamika mahindi yamepandwa vibaya?

Kunguru wa Kaskazini:
Jirani alipewa ruhusa ya kulima. Hakupewa ruhusa ya kusema shamba ni lake. Na Fire & Blood imekamilika kwa sehemu hiyo ya vita, vita vimeanza na kuisha humo ndani. Usichanganye na ule mfululizo mkubwa.

Mtoto wa Eastlands:
Lakini hata huyo Martin mnayemwita kanoni anajichanganya. Macho ya Renly, mdogo wa mfalme kwenye ule mfululizo mkubwa, yalikuwa kijani kitabu cha kwanza, yakawa bluu cha pili. Kama mwandishi hakumbuki rangi ya macho, tutamwaminije kwa kila neno? Mimi naamini vile vitabu vikubwa ambavyo tuko ndani ya kichwa cha mhusika. Huko hakuna Gyldayn wala Mushroom. Kwa mfano usiku wa vita vya Blackwater, Sandor, yule mlinzi wa mfalme, alipoingia chumbani kwa Sansa, binti wa Winterfell, akambusu kabla ya kukimbia. Hilo limetokea, Sansa mwenyewe analisema, hakuna wa kubisha.

Bint Shela:
Hakumbusu.

Mtoto wa Eastlands:
Alimbusu. Nimesoma kwa macho yangu.

Bint Shela:
Umesoma Sansa *akikumbuka* kubusiwa, vitabu vya baadaye. Rudi kitabu cha pili, cha 1998, sura yenyewe. Sitaki unijibu kwa kumbukumbu, kifungue.

Dereva Mbagala:
Sasa hapa patamu. Mimi nasubiri.

Mtoto wa Eastlands:
Nimerudi. Samahani nimechelewa, nimesoma sura nzima mara mbili kwa sababu sikuamini.

Chumba kina giza, nje mbingu ni ya kijani kwa ule moto wa mtoni. Sandor yuko kitandani, amelewa, ana damu. Anataka kumchukua kaskazini, anasema kwake atakuwa salama. Anamwekea kisu kooni amwimbie wimbo. Sansa anasahau wimbo aliomwahidi, unamjia ule wa kumwomba Mama, mungu wa dini yao, awahurumie watoto wake vitani, anauimba. Kisu kinaondoka. Anainua mkono anamgusa shavu, giza halimwonyeshi kitu, lakini vidole vinahisi damu, na unyevu mwingine ambao si damu. Sandor anaondoka. Sansa anasikia kitambaa kikichanika, kisha nyayo. Baadaye anaokota joho jeupe sakafuni, lina damu na alama za moto, anajifunika.

Busu halipo. Bint Shela, nimekosa.

Bint Shela:
Hukukosa peke yako. Martin aliwahi kuwaeleza wasomaji kwamba ni makusudi, kwamba kumbukumbu ya Sansa imekosea na jambo hilo litakuja kuwa na maana. Nami mara ya kwanza niliamini busu, hadi mdogo wangu aliponibishia tukiwa jahazini.

Wakili wa Kijiweni:
Basi hata shahidi aliyekuwa chumbani, asiye na sababu ya kudanganya, asiyengoja kuuawa, naye ametuletea jambo ambalo halikutokea. Itabidi nimrudie Orwyle. Nilimwona mwongo. Labda ndivyo alivyokumbuka.

Mama Wawili:
Kwa nini Sansa anakumbuka busu na si kisu? Hilo ndilo ningependa mnijibu. Kisu kilikuwa kooni.

Kunguru wa Kaskazini:
Dereva, lile la DJ nimelifuta moyoni, nalo nalirudisha. Samahani. Lakini niambie kwa uaminifu, DJ wako alisema nini pale Beesbury alipokufa?

Dereva Mbagala:
Yameisha, mkuu. Alisema: "Mzee wa watu ameuawa kwa kusema kweli, na wote mezani wamekaa kimya." Halafu akanyamaza, na yeye huwa hanyamazi. Sikumbuki vizuri kama alisema "wamekaa kimya" au "wameangalia chini". Nikimaliza zamu kesho nitairudia nikuandikie.