Bianca Maria Visconti: Sforza aliipata Milan kwa upanga au kwa mke?

Msoma_Usiku:
Wakuu habari zenu. Nasoma historia ya Milan ya miaka ya 1400 na kuna kitu kinanisumbua. Mtawala Filippo Maria Visconti hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na Bianca Maria tu, tena wa nje ya ndoa, alizaa na Agnese del Maino. Binti akaolewa 1441 na Francesco Sforza, jemadari wa mamluki aliyemzidi miaka kama 24 hivi, na kufika 1450 huyo jamaa ndo mtawala wa Milan. Kila ninaposoma anasifiwa mume tu. Huyu mama alikuwa na nguvu yoyote au alikuwa ngazi ya kupandia? Naombeni mnieleweshe.

Kanali_Mstaafu:
Mkuu kisheria hakuwa na kitu. Baba alipokufa 1447 wananchi wa Milan hawakumwita binti wala mkwe, walitangaza jamhuri yao, wakamwajiri Sforza awapiganie, akawageuka, akauzingira mji mpaka watu wakafa njaa, Februari 1450 wakafungua milango na askari wake wakaingia na mikate. Hata Kaizari Frederick III wa Dola Takatifu la Roma, ambaye kisheria Milan ilikuwa chini yake, hakumtambua kamwe. Njaa ndo ilimpa mji, sio ndoa.

Bi_Shuweikha:
Kanali nakuheshimu ila hapo umeruka mambo makubwa. Kule Italia enzi hizo baba wa binti ndo alikuwa anatoa mahari, na ya Bianca ilikuwa mji wa Cremona, mji mzima na mapato yake! Mume yuko vitani miaka nenda rudi, nani alikuwa anaushika? Ni yeye. Waveneti, yaani watu wa Venice mahasimu wa Milan, walipoushambulia 1448 inasimuliwa alivaa deraya akatoka na watu wake kuulinda. Na hiyo Milan yenyewe, wakubwa waliokubali kumpokea mamluki ambaye naye ni mtoto wa nje ya ndoa walikuwa na sababu ya kujitetea nayo, kwamba mkewe ni damu ya Visconti na watoto wake pia.

Ila mimi naona mtihani wake halisi ni Machi 1466. Sforza kafa tarehe 8, mrithi wao Galeazzo Maria yuko Ufaransa na jeshi, Venice iko jirani inatega. Mama wa watu hakukaa kulia, aliita baraza usiku uleule, akaandikia madola mengine, akamtumia mwanae ujumbe arudi haraka, na kijana alilazimika kupita Savoy, nchi iliyo kati ya Ufaransa na Milan, kajibadilisha mavazi na bado wakamzuia njiani. Siku zote hizo Milan ilitulia mikononi mwa mjane. Angeyumba hapo ukoo wa Sforza ulikuwa umeisha.

Msoma_Usiku:
Aisee shukrani sana mama. Sasa mbona baada ya hapo hasikiki tena?

Bi_Shuweikha:
Kwa sababu mwanae hakutaka kutawala pamoja na mama yake mwanangu. Alimsukuma pembeni kidogokidogo, 1468 akaoa Bona wa Savoy, na mama akaamua kurudi Cremona kwake. Hakufika, aliugua akafia Melegnano Oktoba mwaka huohuo. Watu walinong'ona sumu, wengine wakamtaja mwanae mwenyewe, ila ushahidi haukupatikana na alikuwa ameshaanza kuugua kabla, kwahiyo mimi simhukumu kijana kwa hilo. Kwa kumnyima mama yake nafasi namhukumu kabisa. Ukimaliza huyu msome mjukuu wake Caterina Sforza, binti wa huyohuyo Galeazzo, aliyekuja kushika ngome ya Forlì.