Tupeane uzoefu: studio ya chumbani, ulibadilisha kifaa gani kwanza na kikakufanyia nini?

KinandaKikuukuu
Wakuu, kuna hela kidogo imetulia mkononi, na kabla haijaondoka yenyewe nataka ifanye kazi moja tu studio. Hali yangu: maiki ya kondensa ya daraja la kuanzia, saundi kadi ya njia mbili, hedifoni zilizokuja na simu, na spika za inchi tano zilizogusa ukuta kwa sababu meza nayo imegusa ukuta. Vokali zinatoka kama nimeimbia bafuni. Miksi nikiisikiliza hapa besi imeshiba, nikiingia kwenye gari imepotea. Kila ninayemuuliza ananiambia ninunue kile alichonunua yeye. Sitaki orodha, nataka mtu aseme mimi nilinunua hiki na kikanifanya hivi.

BesiNzito
Chumba.

MpigaSolo
Mwenzio kauliza kifaa, wewe unamwambia ahame nyumba.

BesiNzito
Sijasema ahame. Nimesema chumba.

SikioLaTatu
Umenitonesha kidonda mkuu. Mimi niliiona maiki ya Shure SM7B kila nikifungua video, hakuna mtangazaji wa mtandaoni asiyekuwa nayo mdomoni. Nikasikia na ile habari, ya kweli kabisa, kwamba fundi sauti Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson mwaka 1982 kwa SM7, toleo lililoitangulia hii. Nikajibana, nikainunua. Nachomeka, kimya. Naongeza geini, yaani ukuzaji wa sauti, kimya. Naifikisha mwisho, sauti yangu inakuja kwa mbali na nyuma yake kuna shhhhh isiyokatika. Nikajua nimeuziwa mbovu. Kumbe ndivyo ilivyo: inataka geini ya desibeli 60 hivi, saundi kadi yangu mwisho wake ni 56, na kile kipande cha mwisho ndicho chenye kelele zote. Ikabidi nitafute kisanduku cha kuikuza, kile kinachoongeza mpaka desibeli 25. Nacho kinakula umeme wa volti 48, nacho kinataka waya wake. Sauti ikawa nzuri, sikatai. Lakini Swedien nyuma ya maiki yake alikuwa na studio nzima, mimi nilikuwa na kijisanduku cha USB.

Mpita Njia
Hapo pa maiki moja kuzaa manunuzi mengine... nipo, ila sisemi.

MpigaSolo
Sikio, ungeimba kwa nguvu tu. Hiyo maiki haipendi wanaonong'ona.

SikioLaTatu
Yaani nibadili uimbaji niifurahishe maiki?

MamaKwaya
Mimi nasema hedifoni, na sababu ninayo. Narekodi watoto wakishalala, kwa hiyo spika kwangu ni pambo la meza. Nilikuwa na za simu kama zako mwanangu. Nilipovaa Sony MDR-7506, hizi zilizoingia sokoni mwaka 1991 na bado watu wanazinunua, nikasikia kwenye miksi zangu za nyuma vitu vya kutia aibu: pumzi, kiti kinalia, mlango wa jirani. Vyote nilikuwa nimeshavituma kwa watu.
Za kurekodia ziwe za kufunika sikio, la sivyo ule mlio wa kuhesabu mapigo unavuja na kuingia kwenye maiki. Tena uangalie omu, yaani ukinzani wake wa umeme. Hedifoni za DT 770 Pro zinauzwa za omu 32, 80 na 250, na kwa macho ni zile zile. Dada mmoja wa kwaya yetu alibeba za 250, akachomeka kwenye simu, akaja kulia kwangu kwamba zimekufa. Hazijafa, simu ndiyo haina nguvu ya kuzisukuma.

BesiNzito
Mama, kwa heshima zote, besi haipimwi kwa hedifoni.

MamaKwaya
Nami kwa heshima zote, kwenye chumba chake hicho haipimwi kwa spika.

BesiNzito
Si ndiyo maana nikasema chumba! Haya, niandike. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Chumba cha mita tatu na nusu kinaingiza nusu yake barabara, linasimama humo. Ukikaa katikati hulisikii, ukiegemea ukuta linakujaa. Na spika ikigusa ukuta besi inaongezeka kabla wewe hujashika kitu. Kinanda, wewe unaisikia nyingi, unaipunguza, ukifika kwenye gari huna besi. Hakuna uchawi hapo. Geuza spika uangalie mgongoni kama zina swichi. Spika ya Yamaha HS5 kwa mfano inayo, inashusha besi kwa desibeli 2 au 4. Ishushe, vuta meza kadiri chumba kinavyokuruhusu, halafu piga wimbo wa mtu mwingine unaoujua vizuri usikilize. Hapo hujatoa hata senti.

MpigaSolo
Tangu nikufahamu hujawahi kuandika sentensi mbili mfululizo.

Trei Thelathini
Bandika trei za mayai. Mimi zimenisaidia.

SikioLaTatu
Zimekusaidia nini?

Trei Thelathini
Mwangwi umepungua.

SikioLaTatu
Siku hiyo hiyo uliingiza na kochi na zulia, picha ulituwekea humu. Karatasi ya trei haishiki kitu. Hata sponji zile za sentimita mbili na nusu zinakula juu tu, herufi s na t zinafifia, besi inabaki inazunguka chumbani. Ukitaka kushika chini unahitaji unene. Paneli ya sentimita 10 ya zile nyuzi za mawe wanazozibia joto kwenye majengo, uiache mbali kidogo na ukuta, uanzie kwenye kona.

Trei Thelathini
Mimi nasema kilichonisaidia. Wewe unasoma makaratasi.

MamaKwaya
Muacheni na trei zake. Kinanda, kwa vokali chukua blanketi zito ulitundike nyuma yako wewe unayeimba, wengi wanalitundika nyuma ya maiki. Maiki ya kondensa ya kawaida inasikiliza mbele, na mbele yake uko wewe na ukuta ulio mgongoni kwako. Kabati la nguo lililofunguliwa nalo linafaa.

FundiNyaya
Kabla ya kununua lolote, chomoa chaja. Sitanii. Kuna kijana aliniletea saundi kadi akisema ina mvumo, kule chini hezi 50 (walioko Marekani wenzetu wanaisikia 60), na nyingine ameshaiagiza. Nikachomoa chaja ya laptopu yake ikabaki na betri: kimya. Nyingine ilipofika ikavuma vilevile. Rekodi kwa betri, na kwenye spika tumia nyaya za balansi (zile zinazofuta kelele za njiani) kama spika zako zinazipokea.

Mpita Njia
Mimi mvumo niliumaliza kwa kukata ule mguu wa ethi kwenye plagi.

FundiNyaya
Na siku ampu ikivujisha umeme, atakayekwisha ni wewe. Rudisha huo mguu leo. LEO. Kama mvumo ni wa mzunguko wa ethi, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, au tafuta boksi la DI (la kuunganishia ala) lenye swichi ya kutenganisha ethi. Ethi ya umeme haiguswi.

Mpita Njia
Sawa sawa usinigombeze.

NyumaYaMdundo
Kompyuta je? Prodyuza niliyekuwa nafanya naye alibadilisha kompyuta nzima kwa sababu waimbaji walilalamika sauti yao inawafikia imechelewa. Kompyuta mpya, malalamiko yale yale. Nikafungua mipangilio, bufa, yaani sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuichakata, iko sampuli 1024. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde hizo ni milisekunde 23, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka. Tukashusha hadi 128, zikawa chini ya 3. Ukimaliza kurekodi unairudisha juu ili plagini, zile programu za kurembea sauti, zipumue. Na saundi kadi nyingi zina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Kipo hapo usoni, hakuna anayekibonyeza.

MpigaSolo
Mnamtisha kijana. Billie Eilish na kaka yake walirekodi albamu chumbani, na mwaka 2020 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Chumbani! Fanya kazi na ulichonacho.

SikioLaTatu
Malizia habari basi. Kurekodi ndiyo, chumbani. Miksi alifanya Rob Kinelski, masteringi, ule usafi wa mwisho, John Greenham. Hao hawakuwa kitandani.

MpigaSolo
Kwa hiyo ushauri wako anunue Kinelski?

KimyaKingi
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Nimefika mpaka hapa, maiki, spika, trei, hakuna aliyetaja diski, nimeshindwa kunyamaza.

Kuna mzee mmoja, mpiga gitaa wa enzi za bendi, maisha yake yote alikuwa hajarekodiwa nyimbo zake mwenyewe. Alipigia wengine. Mjukuu wake akambembeleza, akamleta kwangu. Akawa anakuja jioni, anakaa, anakunywa maji, anapiga. Kila wimbo ana maelezo yake, huu aliutunga nani akiwa amelala, huu walikatazwa kuupiga. Mimi nikawa naacha rekodi inakwenda tu, hata akiongea.

Kipindi hicho nilikuwa na uwezo wa kitu kimoja, priampu, kile cha kukuza sauti ya maiki, au diski ya pili. Gitaa lile mngelisikia msingeniuliza. Nilinunua priampu, na kwa kweli ilisikika. Vidole kwenye nyuzi unavihesabu.

Asubuhi moja nawasha, diski inagonga. Tk. Tk. Tk. Kompyuta haiioni. Nikaichomoa nikairudisha, haiioni. Sikumwambia mtu. Nikasema mzee akija tutarudia, atacheka tu, ndivyo alivyo. Hakuja. Mjukuu akapiga simu kwamba babu kalazwa, na wiki haikuisha ikaja simu ya pili.

Msibani yule binti akaniomba nyimbo, watu wamsikie babu. Nikiwa nimesimama na simu mkononi watu wanapita na viti. Nilimwambia pale pale, sikuwa na uongo wa kutosha. Hakunigombeza. Akasema "lakini si ulikuwa unanitumia kwenye WhatsApp?" Kweli, nilikuwa namtumia vipande vya kuonjesha, mp3 hafifu. Ndivyo vilivyopigwa siku ile. Kimoja mzee anauliza katikati, "umeshawasha hicho kidude?", na watu wote wakacheka huku wanalia.

Priampu bado ninayo. Nzuri sana.

MamaKwaya
Pole sana baba. Pole.

Mpita Njia
Nimesimama kusoma hii.

NyumaYaMdundo
Pole mkuu. Hiyo diski bado unayo? Ifunge kwenye mfuko uiweke kwenye friza usiku mzima, asubuhi inaweza kuamka ukahamisha haraka.

FundiNyaya
ASIIWEKE KWENYE FRIZA. Unyevu utaganda juu ya sahani na ndiyo itakuwa mwisho wake. Diski inayogonga inazimwa na haiwashwi tena, kila ukiiwasha kichwa kinaweza kukwangua data iliyobaki. Inapelekwa kwa wanaofungulia ndani ya chumba kisicho na vumbi. Usimpe mtu wa bisibisi mezani.

NyumaYaMdundo
Rafiki yangu ilimfanyia kazi.

FundiNyaya
Rafiki wa rafiki alivuka barabara amefumba macho akafika.

KimyaKingi
Ipo, niliizima siku ile ile, imefungwa. Mjukuu anachanga, tukifikia gharama tutaipeleka. Sijamuahidi kitu.

Trei Thelathini
Angetumia SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, isingegonga.

SikioLaTatu
SSD haigongi, inakata kimya kimya bila hata kukuaga. Aina siyo dawa, dawa ni nakala. Wenye kazi zao wanasema 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Moto na wezi hawachagui diski.

MpigaSolo
Nyie, na swali la Kinanda?

KinandaKikuukuu
Nipo wakuu, nasoma. KimyaKingi pole, sijui hata niseme nini. Kwa upande wangu swichi nimeziona mgongoni kwa spika, nimeshusha, meza nimeivuta mpaka mlango wa kabati haufunguki vizuri. Besi imebadilika kweli. Sasa nilikuwa nimeamua hedifoni, lakini usiku huu nimeangalia, kazi zangu zote za miaka ziko kwenye laptopu peke yake. Nimeogopa. Diski kwanza, hedifoni zitafuata. Ya ukubwa gani?

KimyaKingi
Usijiumize kichwa. Njia moja ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde inakula kama MB 8.6 kwa dakika, yaani nusu GB kwa saa. Zidisha kwa njia zako, kisha zidisha tena kwa uvivu wako wa kufuta. Nunua mbili ndogo, usinunue moja kubwa.

NyumaYaMdundo
Hiyo hesabu ni ya 48,000. Ukirekodi kwa 96,000 inakuwa mara mbili.

SikioLaTatu
96 za nini? Sikio la mtu linaishia hezi 20,000 kwa kijana, na 48 imeshafika huko na kupita.

NyumaYaMdundo
Kuna vitu juu huko huvisikii ila unavihisi.

MamaKwaya
Kwani anawarekodia popo?

BesiNzito
Hilo la 96 lifungulieni uzi wake.