Viazi vya saladi vinamomonyoka nje, ndani bado vibichi

Mpishi_Birere (Goma)
Habari zenu wapishi. Kuna kilo 10 za viazi vya saladi ya karamu, pamoja na karoti na mayonezi. Ni Kinigi, vile vya ngozi nyekundu. Vikimenywa, vikakatwa na kutiwa katika maji yanayotokota, pembe zinamomonyoka na maji yanakuwa uji, huku katikati kisu kinakwama. Mbabula (jiko la makaa) imejaa makala, sufuria imefunikwa. Kosa ni maji, moto ama viazi?

Kadutu_Jikoni (Bukavu)
Ni yote matatu, ila anza na maji. Viazi viingie katika maji baridi, yavipite kwa vidole viwili, na chumvi gramu 10 kwa kila lita tangu mwanzo. Ukivitumbukiza katika maji ya moto, nje inaiva mapema mno huku joto halijafika katikati. Tena kiazi kikipita polepole kwenye nyuzi 55 hadi 65, pektini inayoshikanisha chembe zake inakazika, na baadaye hakibomoki upesi.

Sasa moto. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Makala ya ziada hayaongezi joto la maji hata kidogo, yanaongeza msukosuko tu, na vipande vinagongana hadi vinavunjika. Maji yakianza kutokota, toa nusu ya makala au uyafunike kwa majivu, kisha acha mfuniko wazi kidogo. Vipande vya sentimita 3 vinahitaji dakika 12 hadi 15, ukihesabu tangu hapo. Vikate sawasawa, maana kipande kidogo ndicho kinachogeuka uji wa kwanza.

Na kilo 10 usizitie sufuria moja! Pika mara tatu.

Katuba_Chakula (Lubumbashi)
Mimi ningeanza na kiazi chenyewe. Kinigi ni cha unga, kizuri sana kwa chipsi, lakini wanga wake ukivimba chembe zinaachana. Saladi inataka kiazi kinachoshikamana. Kama muuzaji hajui, koroga kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, tia kiazi kibichi: cha unga kinazama, kinachoshikamana kinaelea.

Kama ni Kinigi tu, kipike kizima na ngozi yake. Chagua vya ukubwa mmoja, kama yai, dakika 25 hadi 30. Chenye rangi ya kijani au uchungu kiweke kando, sumu yake haiishi kwa kuchemshwa. Tia pia vinegri kijiko 1 cha supu kwa lita ya maji, ngozi ya nje inabaki ngumu kidogo.

Kadutu_Jikoni (Bukavu)
Kwa vinegri ndani ya maji sikubaliani, kaka. Mkono ukizidi, kiazi kinagoma kulainika, kama vile kinavyogoma ndani ya mchuzi wenye nyanya nyingi. Afadhali iingie baada ya kumwaga maji.

Mpishi_Birere (Goma)
Nimeelewa, nitavipika na ngozi. Vinegri nitie vingali vya moto? Na mayonezi?

Kadutu_Jikoni (Bukavu)
Ndiyo, vya moto. Kisu kikiingia na kiazi kikateleza chenyewe, mwaga maji mara moja, usivilaze humo. Menya vikiwa vuguvugu, kata, tandaza kwenye sinia mvuke utoke, nyunyizia vijiko 2 vya vinegri kwa kilo. Vya moto vinainyonya hadi ndani.

Mayonezi mpaka vipoe kabisa, la sivyo mafuta yanajitenga na saladi inatoa maji. Karoti ichemshwe peke yake. Changanya kwa mwiko, ukiinua kutoka chini, bila kuponda. Na umeme ukikatika, saladi yenye mayonezi isikae nje zaidi ya saa mbili: beba viazi na mayonezi mbalimbali, uchanganye kule kule kwenye karamu.